KIWANDA CHA MHUNZI SI MCHEZO

Kijana akijitolea kujenga kiwanda cha mhunzi kwa namna ya kale, watu hawakosi wa kumcheka. Watasema kwamba zama za mivukuto zimepita, kwamba jembe lanunuliwa dukani, na kwamba nguvu zake zingefaa zaidi darasani. Msomaji, hoja hii ina sura ya busara, lakini ndani ni tupu.

Wasemao hivyo hudhani kwamba elimu yote hukaa vitabuni. Sivyo. Sehemu yake hukaa mkononi na machoni. Kitabu chaweza kukuambia kwamba chuma cha kufuliwa hutaka moto mkali kuliko chuma cha kuzamishwa majini kipate ugumu. Lakini rangi ya moto huo utaijua kwa kuvukuta, kukosea na kurudia, mbele ya mtu aijuaye.

Tazama Ufaransa. Mwaka 1997, katika msitu wa Guédelon, watu walianza kujenga ngome kwa maarifa ya karne ya 13. Mawe huchimbwa papo hapo, magogo huchongwa kwa shoka, wahunzi hufua zana za wenzao, na watu wa kujitolea huja kuwasaidia mafundi. Mwenye dhihaka angeuliza: ngome ya nini, na vita vya mikuki vimekwisha? Jibu lilikuja bila kutazamiwa. Tarehe 15 Aprili 2019, moto uliteketeza paa la kanisa kuu la Notre-Dame mjini Paris. Mbao zake za mwaloni zilipochongwa upya, miongoni mwa maseremala walioitwa walikuwamo waliojifunza shoka Guédelon. Kanisa likafunguliwa tena Desemba 2024. Mchezo ulikuwa wapi?

Nasi tuna hasara yetu. Katika visiwa vya Lamu mababu waliunda mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi badala ya kupigiliwa misumari, na tanga lake lilikuwa la mkeka. Mitepe ilitoweka katika karne ya 20. Atakaye kuushona mmoja leo hana mzee aliyekuwa fundi wake wa kumwendea. Huuliza vielelezo vya makumbusho, na kielelezo hakijibu.

Wako wengine wenye madhara zaidi, nao ni wale wasifuo. Hutaka kiwanda cha saruji kilichofichwa kwa makuti, fuawe iliyopakwa rangi, na kibao cha kuwavuta wageni. Kiwanda kisichowaka moto ni kaburi lililopambwa. Heri kibanda cha udongo kinachotoa jembe moja lililopinda, kuliko jumba zuri lisilotoa kitu.

Basi wewe kijana, usione haya kwa masizi. Mtafute mhunzi mzee angali hai. Mwombe kwa adabu akuoneshe jinsi ya kushika koleo na kutega sikio kwa mlio wa nyundo. Wahenga walisema: mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Wewe si lazima uwe bingwa. Yatosha ushike mvukuto, moto usizime mikononi mwa kizazi chako. Atakayekucheka leo, kesho atakuja kwako na shoka lililovunjika.