Picha Ukutani, Kodi Mezani

Juzi nilialikwa chakula cha usiku kwa marafiki zangu wa Daraja Mbili, wana ndoa ya mwaka mmoja. Mara shemeji akaingia na mchoro mkubwa wa Tingatinga, kaukumbatia kama mtoto. Mkewe akauliza tu: "Na kodi ya miezi sita je, mume wangu?" Tulikula kimya kimya.

Kuvunja ukimya nikawasimulia habari za Joseph Murumbi. Mama yake Mmaasai, baba yake Mgoa. Mwaka 1966 alikuwa Makamu wa Rais wa Kenya, na mwaka huohuo akajiuzulu. Kilichomshika moyo ni sanaa. Yeye na mkewe Sheila walijaza nyumba yao ya Muthaiga vinyago, nguo, vito, stempu na maelfu ya vitabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, wawili hao na rafiki yao Mmarekani, Alan Donovan, wakafungua duka la sanaa la African Heritage jijini Nairobi. Donovan ndiye aliyejua kutoka, bwana! Maonyesho yake ya mavazi na shanga yalifika hadi Ulaya.

Ila nyumba ile ya Muthaiga waliiachia serikali wakitumaini itakuwa kituo cha kusomea mambo ya Afrika. Ikaja kubomolewa. Kilichosalia ni vile walivyokusanya: hadi leo unaweza kuviona Nyaraka za Taifa na Nairobi Gallery. Murumbi alifariki 1990, Sheila 2000, na wamezikwa pamoja City Park.

Umeona hapo? Hatusemi mkusanyo wa Murumbi peke yake, Sheila yumo. Kitu kikiingia ndani kwa siri, hata kiwe kizuri vipi, mwenzako atakiona kama mke mwenza. Kwa hiyo wekeni kisanduku cha sanaa, kila mmoja atie chake. Nendeni wote kuchagua. Pale Cultural Heritage, barabara ya Dodoma, kuangalia tu ni mtoko tosha. Na kodi itangulie.

Na mchoro? Shemeji aliomba radhi, akaahidi kufidia kodi kwa posho zake. Bibie ndiye aliyeshika nyundo, akachagua ukuta mwenyewe.

Tukutane mwezi ujao, mpendane!