Kofia za maboksi si mchezo mtupu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nitoe maoni yangu juu ya kofia za maigizo ambazo wanafunzi huziunda kwa vigezo, yaani michoro iliyochapwa ili ikatwe, ikunjwe na kugundishwa. Wapo wazazi wanaosema huko ni kuharibu karatasi. Siafikiani nao.

Karatasi ya A4 ina urefu wa sentimita 29.7, na kichwa cha mtoto wa darasa la nne huzidi 50. Basi hupima kichwa kwa uzi, akaunga karatasi mbili na kuacha ukingo wa gundi. Fundi bati anayeunda ndoo hufanya vivyo hivyo. Watoto wa huku hupenda kofia ngumu za wachimbaji wa Mwadui na Geita (nami huwaonya kuwa ya boksi haimkingi mtu mgodini).

Ninalopinga ni kudai kila mtoto alete hela ya fotokopi. Asiye nayo hukaa akitazama wenzake. Kigezo kimoja kikibandikwa kwenye boksi gumu, darasa zima litakifuatisha kwa zamu, na uji mzito wa muhogo ni gundi tosha. Taasisi ya Elimu Tanzania ituchapie vigezo vya ukubwa kamili, kimoja kwa kila darasa.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kambarage, SHINYANGA.