Kunena kwa Lugha si Uasi

Askari aliyeshika zamu ya usiku Oraba, mpakani mwa Koboko na Sudani Kusini, hana haja ya kufundishwa kwamba dunia ina lugha nyingi. Madereva wa malori yaendayo Kaya na Yei, wachuuzi na wakimbizi hukutana hapo na Kikakwa chao, Kilugbara, Kiarabu cha Juba na Kiswahili chetu cha kambini. Hatumkamati mtu kwa kuwa hatukuelewa alichosema. Lakini maneno yasiyoeleweka yakisikika usiku katika nyumba ya maombi, watu wakilia na kutetemeka, wapo miongoni mwetu wanaoanza kushuku njama. Shaka hiyo yafaa ipimwe.

Kunena kwa lugha si jambo la jana. Matendo ya Mitume husimulia habari zake katika siku ya Pentekoste. Mwaka 1906 ibada hiyo ilipamba moto katika mtaa wa Azusa, Los Angeles, Marekani, chini ya mhubiri William Seymour, mwana wa watu waliokuwa watumwa. Leo imo katika makanisa ya Kipentekoste kote Uganda, na hata miongoni mwa Wakatoliki wa Karismatiki.

Nchi yetu imekwisha kujaribu kuitawala ibada kwa amri. Septemba 1977 serikali ya Idi Amin, ambaye baba yake alikuwa Mkakwa, ilipiga marufuku madhehebu zaidi ya 20, yakiwamo ya Kipentekoste, kwa hoja ya usalama. Maombi hayakukoma, yalihamia majumbani. Aprili 1979 serikali ile ilianguka, na waombaji wakarudi hadharani. Amri ile haikuleta usalama. Ilimfundisha raia mwema kumkimbia askari, na raia anayemkimbia askari hamletei habari za adui.

Hatusemi kwamba jina la roho halijapata kutumiwa vibaya. Hapa hapa West Nile, Rembe, Mkakwa aliyenyongwa Yei mwaka 1917, aliwagawia watu maji ya Yakan yaliyoaminiwa kuwakinga na risasi. Mwaka 1919 wafuasi wa maji hayo walipigana na polisi wa serikali ya kikoloni. Alice Lakwena naye aliwapaka vijana mafuta akawapeleka vitani, hata wakashindwa karibu na Jinja mwishoni mwa 1987. Lakini tuangalie vema: kilichowaua vijana hao si maneno yasiyoeleweka. Ni kupelekwa mbele ya bunduki kwa ahadi ya uongo.

Basi kipimo cha askari ni kitendo. Katiba ya 1995, katika kifungu cha 29, inalinda uhuru wa kuabudu. Pakiwa na silaha, mgonjwa aliyezuiwa kwenda hospitali, au mtoto anayepigwa ili pepo limtoke, hapo sheria ina kazi, na askari asisite. Yakiwa ni makelele tu, mkuu wa kituo amwite mchungaji wazungumze kwa heshima kabla ya kufikiria pingu.

Neno la mwisho ni kwa askari ambaye mwenyewe hunena kwa lugha. Mtume Paulo aliwaagiza Wakorintho wanene wawili au watatu tu, kwa zamu, na mmoja afasiri. Asipokuwapo mfasiri, mneni anyamaze kanisani. Fundi wa redio ya jeshi ataielewa amri hiyo mara moja, kwani wawili wakisema pamoja hewani, hakuna anayesikika. Lindoni lugha ni moja, nayo ni neno la siri. Zamu ikiisha na bunduki ikirudi ghalani, askari na aende akaombe kwa lugha atakayojaliwa, naye mwenzake aliyebaki lindoni amlinde kama anavyomlinda raia yeyote.