Baada ya Shimo, Panda Mlima



Mwezi huu nataka kusema na wazee waliomaliza kazi, na watoto na wajukuu wasikie pia. Kwetu Walungu mtu akiacha kazi tunamwambia: "Sasa pumzika." Lakini hatumwonyeshi namna ya kupumzika. Tunamwekea kiti mbele ya mlango, basi. Na wengi hata pensheni hawana. Mchimbaji wa karie hapewi barua ya kustaafu. Magoti na kifua ndivyo vinamwambia kwamba imetosha.

Siku moja kiisha ibada, mama mmoja wa kanisa letu alinifuata. "Pastere, unisaidie. Tangu muzee alirudi, eko anahesabu kuku zangu asubui na mangaribi. Chumvi ikipunguka, ananiuliza. Watoto wakicheka, anakasirika. Nyumba imekuwa kidogo." Mimi nilicheka. Kiisha nikaona kwamba yeye analia.

Mzee huyo alianza kazi chini ya udongo mwaka 1978, upande wa Kamituga, katika SOMINKI, kampuni iliyoundwa mwaka 1976 kwa kuunganisha kampuni nyingi za madini. Ilipomalizika mwaka 1997, aliendelea kuchimba na wenzake kwa mikono, mpaka pumzi ikakataa. Akarudi nyumbani akiwa na kikohozi na maneno machache.

Sikumhubiri. Nilimwambia tu: "Muzee, siku ya Jumanne nakwenda kuombea wagonjwa ngambo ya mlima. Unisindikize." Tulipanda pole pole, tukikaa chini mara nyingi. Tulipofika juu, ukungu uliondoka. Tukaona mashamba ya maharagwe na mihogo, mikaratusi, moshi wa nyumba, na barabara inayokwenda Burhale. Alinyamaza wakati mrefu. Kiisha akasema: "Pastere, miaka yote hii nilijua mulima kwa ndani. Kwa inje, sikuuangaliaka hata siku moya."

Tangu siku ile anatembea. Kwanza peke yake, baadaye na mjukuu wake wa miaka kumi na tatu, aliyekuwa ameanza kukimbia shule ili aende kutafuta dhahabu Mukungwe. Mzee hakumpiga. Alimwambia: "Unibebee mufuko na maji." Mwaka 2023 walipanda kamio mpaka Bukavu, si kwa kununua kitu, ila kuona ziwa. Wakakaa kwenye majani ukingoni, wakala mahindi ya kuchoma.

Kijana alijua kwa shule kwamba maji ya Kivu yanatoka hapo Bukavu kwa mto Ruzizi, yanashuka mpaka Tanganyika, yanatokea Kalemie kwa mto Lukuga, yanaingia Lualaba, na mwisho yanafika bahari ya Atlantiki. Mzee naye alijua kwa baba yake kwamba sambaza hawakuwako zamani katika Kivu. Waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Kila mmoja alikuwa na kitu cha kumpa mwenzake.

Ndipo kijana akauliza: "Koko, kule chini ulikuwa unasikia nini?" Na mzee, akiangalia maji, akaeleza kwa mara ya kwanza habari ya rafiki yake aliyefunikwa na udongo karibu naye, akimsikia anaita mpaka sauti ikakoma. Hata mke wake hakuwa amesikia neno hilo. Alilibeba miaka yote juu ya kile kiti cha mlangoni, na sisi tulifikiri ni hasira ya kuku na chumvi.

Wapendwa, someni 2 Samweli 19, kuanzia shairi la 31. Barzilai alikuwa mzee wa miaka 80. Mfalme Daudi alimwita waende pamoja Yerusalemu, akae kwa raha. Barzilai alikataa kwa heshima. Alimsindikiza mfalme kwa safari fupi kwenye mto Yordani, akaomba arudi kwa mji wake, penye kaburi la wazazi wake. Lakini alimtoa kijana Kimhamu aende mbele na mfalme. Hiyo ndiyo safari ya mzee mwenye hekima: anatoka nje, anakwenda kadiri ya nguvu zake, na anamsukuma kijana mbele. Hakubaki kitini. Na hakujifanya kijana.

Tena haiko lazima kwenda mbali. Wageni walivuka bahari na kulipa pesa nyingi ili waone gorila wa Kahuzi-Biega, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1970. Sisi tulizaliwa karibu, na wengi wetu hatujawahi kuinua macho kuuangalia mlima Kahuzi, wenye mita 3308. Mungu hakuumba mlima kwa ajili ya madini yake tu.

Najua mtu atasema: "Pastere, safari gani wakati wa vita?" Ni kweli. Vita vilifika Bukavu mwezi wa pili 2025, na mtu asiende mahali bila kuulizia habari. Yule mzee na mjukuu hawajarudi ziwani. Wanapanda kilima cha nyuma ya kanisa, na kinawatosha.

Na tusidanganyane: mlima haulipi pensheni. Mzee akikosa dawa ya kikohozi, usimwambie atembee, umnunulie dawa. Watoto wasitumie ukurasa huu kukwepa mzigo wao. Lakini dawa peke yake haimpi mtu sababu ya kuamka asubuhi.

Mnataka kujua habari ya kijana? Hajaniahidi kitu. Ila mwaka huu yuko darasani. Na yule mama aliniambia juzi: "Pastere, kuku zangu hazihesabiwe tena. Anarudi amechoka, anakula, analala."

Mungu awape wazee wetu pumziko la kweli. Amina.

Ya kuzungumza nyumbani:
1. Mzee wa nyumba yetu anajua nini ambacho hatujamwuliza?
2. Nani atambebea mfuko juma hili, na watapanda wapi?
3. Vijana, mbele ya kwenda karie, mmemwuliza aliyetoka huko?