Tusizizime, Tuzipime



Wapo wasemao kwamba tamthilia za Korea ni sumu, zipigwe marufuku. Mimi nazipenda, na neno hilo nalikataa. Taifa lililoteketezwa na vita vya 1950 hadi 1953 limejua kugeuza majeraha yake kuwa hadithi. Katika Parasite ya Bong Joon-ho, iliyotwaa Oscar ya filamu bora mwaka 2020, mvua ile ile huwa baraka kwa matajiri walioko juu na gharika kwa maskini waishio bondeni. Ni nani hapa Kibua asiyeijua mvua hiyo?

Hata hivyo, sitetei kila kitu. Tamthilia ya mrithi tajiri ajaye kumwokoa msichana fukara yatufundisha kukaa njiani tukingoja gari lake. Huo ni uongo uliotiwa marashi.

Bati, lichimbwalo Bisie katika Walikale yetu, ndilo liunganishalo vipande vya ndani ya simu tunazotazamia. Je, tutoe madini tu, tupokee ndoto za wengine? Tutazame pamoja, tuulize kila mara: utajiri huu unalipiwa na nani? Kisha tusimulie ya kwetu.