Jeraha Lisilo na Moto



Mwezi uliopita mwanafunzi wetu mmoja aliingia chuoni na kipande cha chuma king'aacho mfukoni. Alikiokota katika marundo ya vyuma chakavu huko Igoma, apate kukiuza kwa kilo. Kilikuwa kipande cha beringi tu, nasi tukacheka. Lakini usiku ule hatukulala vema, maana tulikumbuka habari za fundi mmoja wa nchi ya Peru.

Tarehe 20 Februari 1999, fundi huyo wa kuchomelea aliokota kijichuma mahali pa kazi, Yanango, akakitia mfuko wa nyuma wa suruali. Kilikuwa ni iridiamu, ambayo mionzi yake hutumika kupigia picha viungo vya mabomba. Alikaa nacho kwa saa kadhaa. Usiku paja likamwuma, akaambiwa ameumwa na mdudu. Mkewe aliikalia suruali ile dakika chache tu huku akinyonyesha, naye akapata jeraha kiunoni. Mwaka ule ule mguu wa fundi ulikatwa toka nyongani. Na mwaka 2000, katika kijiji cha Mit Halfa, Misri, mkulima aliweka nyumbani chuma cha namna hiyo. Alikufa yeye na mwanawe mdogo.

Mbona paja liliungua vile, na kifua kikasalimika? Mionzi hupungua upesi mno kwa umbali: kilicho mita 1 kutoka kwa chuma kidogo kama kile hupata sehemu 1 tu katika 10,000 ya ipatayo ngozi iliyo sentimita 1. Hapo ndipo tabibu awezapo kudanganyika. Akipima damu, huenda asione upungufu mkubwa wa chembe nyeupe, kwa kuwa uboho wa mifupa iliyo mbali wafanya kazi yake kama kawaida. Na ngozi nayo hughilibu: huiva wekundu, ikatulia, kisha baada ya majuma mawili au matatu yatoke malengelenge, na nyama ya ndani ikifa polepole. Kwa hiyo maneno ya mgonjwa ni nusu ya uchunguzi. Aliokota nini? Alikiweka upande gani, na kwa saa ngapi? Kijana anayeficha kwa kuogopa bakora ajinyima dawa. (Wazazi wakali, na sisi walimu tumo, tulitazame hilo.)

Matibabu ni marefu: kutuliza maumivu, kuzuia usaha, kupandikiza ngozi. Mpasuaji hakati palipooza tu. Hukadiria kwanza mionzi ilizama wapi, asije akaacha nyama iliyokwisha kufa chini ya ngozi nzima.

Wala mionzi si adui daima. Hapa Mwanza, juu ya kilima cha Bugando, wagonjwa wa saratani hutibiwa kwayo, ikielekezwa penye uvimbe kwa kipimo.

Mkiona chuma chenye alama ya mapanga matatu yaliyozunguka duara, msikiguse wala msikipeleke hospitali. Ondokeni mbali, mwiteni polisi au Tume ya Nguvu za Atomu.

Mama mmoja alituuliza kama aliyejeruhiwa hivyo atengwe na watoto. La. Chuma kikiwa kizima na kimekwisha ondolewa, mgonjwa hana mionzi ya kumpa mtu. Alishwe, aoshwe, na watoto wakae naye. Lakini kikipasuka, unga wake ukamwagika, hapo nguo huvuliwa na mwili ukaoshwa kwanza, kabla hajapakata mtoto.