Usimalize kulipia nyumba kabla ya masika

Nyumba mpya ikikupendeza Januari, ngoja uione Mei. Huku Munje, masika ndiyo inspekta wa kweli, na hayali mlungula.

Shangazi yangu alinunua nyumba ya vyumba viwili hapa kwa mkandarasi mmoja. Rangi safi, vigae vinang'aa. Akalipa yote, akapewa funguo. Masika yalipoingia dari ikavuja, plasta ikaanza kubambuka. Kila akipiga simu anaambiwa, "Mama, fundi anakuja kesho." Hiyo kesho mpaka leo haijafika.

Karibu na bahari kuna shida nyingine, chumvi. Zege ikichanganywa na mchanga wa ufuoni au maji ya kisima cha chumvi, nondo zinaliwa na kutu ndani kwa ndani, zinavimba, zinapasua ukuta. Ukipelekwa kuangalia nyumba, utaona rangi tu.

Utaambiwa tafuta wakili. Sawa, mtafute. Sheria ya Kenya inataka mkataba wa kuuza ardhi uwe wa maandishi, wenye sahihi na mashahidi. Uliza pia kama mkandarasi amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Lakini ukishamaliza kulipa, umebaki na nini cha kumvuta arudi?

Kwa hivyo vijana wenzangu, iwe unajinunulia au unamnunulia mama, andikeni kwenye mkataba: sehemu ya bei, tuseme asilimia 10, ikae kwa wakili hadi masika yapite. Mkandarasi akikataa, muulize anaogopa nini.